Chai ya Mshauri

Ningekuwa mtu wa kusamehe, nisingekuwa na la kusimulia. Mimi si mtu wa kusamehe. Mama anasema nilizaliwa nimekunja ngumi, mkunga akanitazama akacheka, akasema huyu lazima atakuja kupigana na mtu. Mkunga hakukosea, alikosa tu kusema ni nani.

Nafanya kazi kwenye shirika la maji. Sichimbi mitaro wala sisomi mita, mimi natengeneza programu. Niliandika mfumo unaosikiliza mabomba. Chini ya barabara tumefukia vifaa vidogo vinavyopima nguvu ya maji, na mfumo wangu unasoma namba zao kutwa kucha, halafu unasema: nyuma ya soko kuna bomba linavuja, pelekeni fundi kabla barabara haijawa mto. Zamani tulikuwa tunajua bomba limepasuka pale mwananchi anapopiga simu kututukana. Siku hizi fundi anafika, anachimba, anaziba, na mwenye nyumba ya jirani hana habari. Nilijivunia kazi ile jamani, nisiwafiche. Nilijivunia mpaka nikawa nachosha watu.

Siku mfumo ulipowashwa rasmi, Kipara akanipiga picha ndani ya chumba cha seva. Kipara ni mwenzangu, tunakaa meza moja, na jina hilo alijipa mwenyewe kabla hatujapata nafasi ya kumpa. Picha ilikuwa ya kawaida: nimeshika waya, nywele nimezifunga nyuma, nimecheka. Nikaiweka kwenye ule mtandao wa watu wa kazi, ule ambao kila mtu amevaa suti na kila mtu "ana furaha kuwatangazia." Na mimi nikawatangazia. Nikaandika kwamba nimeandika mfumo wa kugundua mabomba yanayovuja, na leo umeanza kazi.

Wa kwanza kuja alikuwa Mshauri. Ukiingia kwenye mtandao ule lazima umkute. Anajiita mshauri wa mageuzi ya kidijitali, wafuasi kibao, na kila picha yake ameshika kipaza sauti. Sijawahi kuona kitu alichotengeneza yule bwana, hata kimoja, lakini kila anapopita watu wanasimama. Akaandika: "Hongera sana mrembo. Sasa tutajie na huyo kaka aliyekuandikia, tumpe kazi." Akamalizia na vikatuni vya kucheka hadi machozi.

Basi ikawa kama amefungua bomba la maji taka. Mmoja akasema kucha zangu zimeendana na rangi ya nyaya. Mwingine akasema kwa sura ile hata yeye angeupokea mfumo bila kuujaribu. Mwingine, eti mhandisi mwandamizi wa benki, akauliza kama mkurugenzi wangu ameoa. Watu wakabonyeza kicheko, wakabonyeza, ikafika kama elfu mbili. Nikapekua majina ya waliocheka. Alikuwemo mwalimu wangu wa chuo, yule aliyenipa alama ya juu kwa mkono wake mwenyewe. Wanawake nao walikuwemo, tena wengine nilikuwa nakula nao chakula cha mchana.

Nikamjibu Mshauri kwa adabu, nikasema asante, niliuandika mwenyewe. Akarudi mbio. "Ni utani tu, dada, punguza hasira. Ndiyo maana wanawake hamdumu kwenye fani hii, hamtaniki." Na hilo nalo likapata vicheko vyake. Yaani ukinyamaza umekubali, ukijibu una hasira.

Hayo yote ningeyameza. Nimeshameza makubwa zaidi. Lakini maneno hayakai mtandaoni peke yake, yana miguu. Jirani yetu mmoja ana kijana anayefanya kazi ya kompyuta, kijana akamwonyesha mama yake, mama yake akaja kumwonyesha mama yangu. Jioni nikamkuta Mama kwenye meza ya chakula, amekunja mikono. Mama yangu ni fundi cherehani. Ameshona sare za shule za watoto wa watu mpaka macho yakachoka, ili mimi nikasome kompyuta. Akaniangalia kwa upole, na ule upole ndio ulioniua.

"Mwanangu," akasema, "kama kuna kaka aliyekusaidia, niambie tu. Si aibu kusaidiwa."

Nikaenda chumbani nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, msije mkanihurumia bure. Nililia huku nikijiapiza. Yule mtu alikuwa ameingia nyumbani kwetu na viatu, akakaa kwenye kiti, akamfundisha mama yangu kunitilia shaka.

Haikuishia hapo. Mkuu wetu wa mifumo alikuwa amestaafu, kiti kiko wazi, na kila mtu pale shirikani alijua ni changu. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameshaniambia nianze kuzoea ile ofisi. Wiki iliyofuata akaniita, akafunga mlango, akaanza kupanga kalamu zake mezani.

"Binti," akasema, "panapofuka moshi hapakosi moto. Wajumbe wa bodi wamesoma yale maneno. Wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Kama kweli mfumo ni wako. Na kama ni wako, kama ni mzima."

"Mkurugenzi, wewe ulikuwa unaniona nikiuandika. Ulikuwa unaniletea wageni waje kunitazama kama twiga."

"Mimi najua. Lakini bodi inataka mtu wa nje aukague. Akisema uko sawa, kiti ni chako siku hiyohiyo. Akisema hauko sawa, basi, tutautoa kwa kampuni ya nje iusimamie." Akashusha sauti. "Tumepata mtu mzito."

Mnajua ni nani. Hata mimi nilijua kabla hajataja. Tena kampuni ya nje iliyokuwa inasubiri kupewa mfumo wangu ilikuwa yake huyohuyo. Fisi ndiye amekabidhiwa bucha, halafu mimi naambiwa nisubiri kwa utulivu nione kama nyama itabaki.

Siku ya ukaguzi manukato yalitangulia, yeye akafuata. Shati jeupe, kompyuta nyembamba, simu mbili. Akanishika mkono hakuuachia.

"Ah, ndiye yule dada wa picha! Ana kwa ana umependeza zaidi."

Mkurugenzi akacheka. Nami nikacheka, meno tu.

Kwa taratibu zetu mkaguzi anapewa ruhusa ya kutazama tu. Anasoma, anauliza, hagusi. Nikamweleza hivyo. Mshauri akamgeukia Mkurugenzi, akasema hawezi kuonja mchuzi kwa kuutazama. Mkurugenzi akasema, "Mpe funguo zote za mfumo." Nikamwomba arudie. Akarudia kwa ukali, mbele ya Kipara, na mimi nikampa.

Sasa niwaeleze jambo moja la kazi yetu. Mfumo tunao mara mbili. Upo ule hai, unaosikiliza mabomba ya kweli, na upo wa majaribio, pacha wake, tunaouchezea tunavyotaka. Ukiifungua kwenye kompyuta, madirisha yote mawili ni meusi, maandishi ni yaleyale, tofauti ni neno moja dogo juu kabisa. Ni rahisi mno kukosea. Kwa hiyo mimi na Kipara tuna desturi. Kabla mtu hajabonyeza amri yoyote ya kufuta, anaondoa mikono mezani, anauliza kwa sauti, "Niko wapi?" Mwenzake anasogea, anasoma lile neno la juu, anamjibu. Asipojibiwa, habonyezi. Hata mmoja wetu akiwa peke yake usiku wa zamu, anampigia mwenzake simu kumuuliza. Mke wa Kipara aliwahi kudhani tumerogwa.

Mshauri alipotueleza kwamba anataka kuufuta mfumo wa majaribio wote ili aone kama unaweza kusimama upya, nikamwambia habari ya ile desturi. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Niko wapi, niko wapi! Mnaimba kama watoto wa chekechea. Kweli hapa kuna kazi." Akamgeukia Mkurugenzi. "Haya ndiyo nitakayoyaandika, mzee. Watu wasiojiamini hawawezi kuachiwa kazi kubwa."

Halafu akaegemea kiti, akaninyooshea kidole bila kunitazama usoni.

"Dada, chai unajua kutengeneza? Ya maziwa. Sukari vijiko viwili."

Tuna mhudumu pale shirikani, na alikuwa amesimama mlangoni. Nikamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama kalamu mkononi mwake.

Nikainuka. Na nilipopita nyuma ya kiti cha Mshauri, macho yangu yakaangukia kwenye skrini yake. Alikuwa ameshaanza kuandika amri ya kufuta. Na lile neno dogo la juu halikuwa la majaribio.

Nikasimama. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana baadaye wako waliosema nilimtega. Sikumtega. Nilimwambia kwa Kiswahili cha kueleweka na kila mtu alisikia: "Mshauri, hapo uko kwenye mfumo hai. Wa majaribio ni dirisha la pili."

Hakugeuka hata shingo. "Dada, nilianza kazi hii wewe bado unacheza kombolela. Chai."

Mkurugenzi akasema, "Binti, mwache mtaalamu afanye kazi yake."

Kipara akafungua mdomo. Nikamkata jicho, akaufunga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi kwa mfumo ule ndiye mkuu, wapende wasipende. Nilikuwa nimesema mara moja. Haikuandikwa popote kwamba nibembeleze. Nikaenda kutengeneza chai.

Jikoni kuna birika la umeme, linachemsha maji kufumba na kufumbua. Sikuligusa. Nikachukua sufuria, nikaiosha ingawa ilikuwa safi, nikaweka maji na maziwa kwenye moto mdogo. Nikasimama pale na kijiko mkononi, nikakoroga taratibu, na nawaambia ukweli wa Mungu, sijawahi kufurahia kazi ya jikoni kama siku ile. Msidhani nilikuwa kichaa. Nilijua mfumo ukifutwa pampu hazisimami, zina watu wake wanaoziendesha kwa mkono kama zamani. Hakuna bomba litakalofungwa, hakuna hospitali itakayokosa maji. Nilijua kila saa mfumo unajinakili mahali pa salama, mahali ambapo funguo za Mshauri hazifiki, maana pale palikuwa na ufunguo wangu tu na wa Kipara. Kitakachokufa ni ule ukuta mkubwa wa skrini kwenye chumba cha mitambo, wenye ramani ya mabomba yote ya mji. Nilijua, nikakoroga. Nilimkoroga Mshauri, nikamkoroga mhandisi wa benki, nikamkoroga mwalimu wangu wa chuo.

Chai ilipoanza kupanda, nikasikia sauti ya msimamizi wa zamu kutoka mwisho wa korido. Yule ni mtu mnene, mpole, hapigi kelele hata timu yake ikifungwa.

"Ukuta umezima! Jamani, ukuta wote umezima! Nani kafanya nini?"

Viatu vikaanza kukimbia. Mimi nikachuja chai. Nikatia sukari vijiko viwili, nikapanga kikombe na kisahani kwenye sinia, nikaweka na kitambaa cha karatasi. Adabu ni adabu.

Nilipoingia, Mshauri alikuwa amesimama, shati jeupe limeshikana na mgongo. Mkurugenzi ameshika simu yake na ya ofisini, na zote zinaita. Nikaweka kikombe mbele ya mkaguzi.

"Chai yako, Mshauri. Vijiko viwili kama ulivyoagiza."

"Mfumo wako una hitilafu!" akafoka. "Umejifuta wenyewe!"

Kipara akasogea, akainama, akasoma kwa sauti amri iliyokuwa bado kwenye skrini, na jina la mtu aliyeiandika, na lile neno dogo la juu. Alisoma polepole, kama anayesoma tangazo la msiba. Msimamizi wa zamu na vijana wake wote walikuwa wameshajaa mlangoni.

"Rudisha," Mkurugenzi akaniambia. "Binti, rudisha haraka."

"Mimi?" nikasema. "Mimi siwezi, Mkurugenzi. Mimi nina kaka ananiandikia. Mpigieni."

Vijana wa zamu wakacheka. Mkurugenzi akanitazama kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze, akanitazama kweli, na nikaona ameelewa ana shida kubwa kuliko alivyodhani. Akabadilisha sauti. Akaniita dada yangu. Akaniita mama. Ningemwachia kidogo tu angeniita shangazi.

"Sawa," nikasema. "Itarudi. Lakini sitagusa kitu. Mtaalamu yupo, ataandika yeye. Mimi nitamtajia."

Mshauri akasema hiyo ni dharau. Simu ya Mkurugenzi ikaita tena, jina la mwenyekiti wa bodi likatokea, na Mkurugenzi mwenyewe akavuta kile kiti, akamwambia, "Kaa."

Akakaa. Nikampa Kipara ishara afungue ile nakala ya salama, halafu nikasimama nyuma ya bega la Mshauri na kuanza kumtajia amri, neno baada ya neno. Hapo ndipo siri yake ilipotoka. Mtu wa vipaza sauti alikuwa anaandika kwa vidole viwili, anazitafuta herufi kama kuku anayetafuta punje. Nikimtajia alama, hajui iko wapi. Nikimwambia nafasi, anasahau. Anakosea, namwambia futa, anaanza upya. Sikumpigia kelele. Nilimwambia, "Pole, Mshauri, polepole, hamna haraka," sauti ileile aliyoniandikia mimi mtandaoni. Jasho lilikuwa linamdondokea kwenye vitufe. Mungu anisamehe, roho yangu ilikuwa inakula pilau.

Tulipofika amri ya mwisho nikamwambia aondoe mikono mezani.

"Uliza," nikasema.

"Niulize nini?"

"Unajua."

Akageuka akamtazama Mkurugenzi. Hakuna msaada. Akalamba midomo, akasema kwa sauti ya chini, "Niko wapi?"

"Hatujasikia huku mlangoni," akasema msimamizi wa zamu, yule mpole.

"Niko wapi?"

"Uko kwenye mfumo hai, mheshimiwa," Kipara akajibu. "Karibu sana. Bonyeza."

Akabonyeza. Kule chumba cha mitambo ukuta ukawaka kipande kwa kipande, ramani ikarudi na mabomba yake yote, na vijana wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Kazi yangu ilikuwa haijaisha.

Mkurugenzi akatuingiza ofisini kwake, mimi na Mshauri, akafunga mlango. Safari hii hakugusa kalamu. Alikwenda moja kwa moja.

"Kiti ni chako. Kuanzia leo. Bodi nitaiambia mimi, na Mshauri ataandika ripoti kwamba mfumo ni mzuri na ni wako."

"Na hiki kilichotokea?"

"Kilikuwa zoezi la dharura. Tulitaka kuona kama mfumo unaweza kurejeshwa, na umerejeshwa. Hakuna haja ya kuanika nguo za ndani barabarani. Yeye atayafuta yale maneno yake mtandaoni, wewe usiandike chochote. Yaishe."

Mshauri alikuwa kwenye kochi, amekunja miguu kama mgeni asiye na hakika kama amekaribishwa. "Dada, tusameheane," akasema. Lile neno "mrembo" lilikuwa limeshafia njiani. "Kufuta ni sekunde moja tu."

Msinione shujaa, nilikuwa nakitaka kile kiti. Nilikitaka mpaka mate yakanijaa. Ofisi yenye dirisha, jina langu mlangoni, mshahara wa kumwambia Mama afunge cherehani apumzike. Ningesema ndiyo, ningetoka pale mkubwa. Nilikuwa nimeshaanza kupima maneno ya kushukuru.

Lakini ile "kufuta ni sekunde moja" ikanikaa kooni. Atafuta, ndiyo. Na wale elfu mbili waliocheka, nani atawaambia? Wao wameshasoma, wameshaondoka zao, kila mmoja na kaka yangu wa kubuni kichwani. Mfumo alioufuta tumeurudisha kwa sababu tulikuwa na nakala. Jina langu sina nakala yake popote. Na mtu huyu kesho angeshika kipaza sauti mahali pengine na kukagua kazi ya mwanamke mwingine, na kuagiza chai.

Nikatoa simu. Nikaandika palepale, nimesimama, wanafikiri namwandikia Mama. Niliandika chini ya maneno yake yaleyale: "Uliuliza nani aliniandikia mfumo wa maji. Leo umekuja kuukagua. Nilikuonya mbele ya mkurugenzi wangu kwamba uko kwenye mfumo hai. Ukaniagiza chai, halafu ukaufuta. Mfumo umerudishwa kwa vidole vyako na kwa kichwa changu. Zamu nzima imeshuhudia. Kama nimesema uongo, kanusha hapahapa."

Simu ya Mshauri ikalia mfukoni mwake. Akaitoa, akasoma, akawa mweupe midomoni. Akampa Mkurugenzi bila kusema kitu.

"Binti," Mkurugenzi akasema, "umejiharibia. Unajua umekipoteza kiti?"

"Najua."

"Futa. Bado hawajaona wengi. Futa, tusahau."

"Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, Mkurugenzi," nikasema, nikawaacha na mlango wao.

Kiti kweli walimpa mwingine, kijana wa kitengo cha hesabu ambaye kila asubuhi anakuja mezani kwangu kuniuliza maneno ya mkutano yana maana gani. Kunifukuza walishindwa, maana wangebaki na mfumo wasioujua mlango wake. Kiti kinaniuma, nisiseme uongo. Nikipita pale mlangoni nageuza uso.

Lakini kule mtandaoni, loo! Kwanza akaja Kipara, akaandika: "Nilikuwepo. Na chai ilikuwa ya maziwa." Akaja msimamizi wa zamu na vijana wake, mmoja mmoja, kila mtu akashuhudia. Vicheko vya awali vikaanza kupungua kimyakimya, watu wanarudi kuvifuta vyao kama wezi wanaorudisha kuku. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa wa mapema. Halafu wakaja wanawake. Mmoja akaandika kwamba Mshauri alimkagua na yeye, akasema kazi yake ni ya kitoto, yule dada akafukuzwa, na mfumo wake unasimamiwa na kampuni ya Mshauri mpaka leo. Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu akaweka maneno aliyoandikiwa faraghani, maneno ambayo mimi hapa siyarudii. Waandaaji wa makongamano wakabadilisha mabango, ile picha ya kipaza sauti ikatoka, ikawekwa ya mtu mwingine. Kila bango lililobadilishwa nililitazama kwa raha zangu.

Mama alisomewa yote na jirani yuleyule. Niliporudi hakusema mengi. Alinisogezea kiti, akasema, "Nilikukosea, mwanangu. Nilipaswa kumuuliza yeye, si wewe." Nikamwambia yameisha. Kwa Mama yaliisha kweli.

Tulikuwa bado mezani, yeye anapiga upindo wa gauni la mtu, simu yangu ikaita. Namba ngeni. Nikaweka sauti ya nje kwa sababu mikono yangu ilikuwa na mafuta.

"Dada, ni mimi," sauti ikasema, na ilikuwa imelowa. "Nakuomba radhi. Nimekosa. Nina mke, nina watoto wananisoma huko. Kazi zote zimekatika. Sema neno moja tu pale, useme tumeelewana. Nakupigia magoti."

Nilitaka kumjibu, nilikuwa na maneno ya kumtosha hadi mwakani. Mama akaweka sindano chini, akaivuta simu upande wake.

"Baba, mimi ni mama yake," akasema. "Mwanangu ulimtukana wapi?"

"Mtandaoni, mama."

"Basi radhi nenda ukaiombe hukohuko."

"Mama, tafadhali. Kule kuna watu wengi mno."

"Ndiyo maana," Mama akasema, akakata simu, akarudi kwenye upindo wake.

Mpaka leo hajaandika. Mimi naingia kila siku kutazama, sina haraka.